Koti la Kijivu la Kibuye

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024. Manyunyu yalianguka Kisumu tangu alfajiri, na upepo wa ziwani ulikuwa na baridi ya kumfanya mtu akumbuke blanketi. Wakhisi, fundi wa mawe anayeishi Migosi, alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu koti. Jumamosi iliyofuata angekwenda Kaloleni na wazee wake kutoka Bungoma, kumposa Apiyo. Aliomba koti tu. Hakuomba ulinzi wa mdomo wake.

Siku hiyo hakwenda kanisani; akashika njia ya soko la Kibuye. Huko Oketch alikuwa anafungua mzigo wa mitumba, na watu wamemzunguka kama kuku wanaongoja mahindi. Kamba ilipokatwa tu, mikono yote ikaingia. Wakhisi akanasa koti la kijivu, zuri kweli. Lakini upande wa pili ulikuwa umeshikwa na mama mmoja mwenye kitambaa cha maua kichwani.

"Mama, achilia. Hili ni la mwanaume."

"Kwani mimi sina mwanaume nyumbani?"

"Kama unaye, mnunulie pamba za masikio. Kelele hizi anazivumiliaje?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kikamvimbisha Wakhisi kichwa. Akavuta kwa nguvu zake zote za kubeba mawe. Mama akateleza kwenye tope, akaanguka kwa goti, kitambaa kikamtoka.

"Oketch, mtafutie bibi huyu gunia," Wakhisi akaongeza. "Ndilo saizi yake."

Mama aliinua kichwa. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaachilia koti, kisha akajifunika uso kwa leso.

"Chukua, Wakhisi," akasema polepole. "Chukua, baba."

Sauti hiyo, sasa bila ukali wa kugombania koti, aliijua. Mara mbili ilikuwa imemkaribisha chai kule Kaloleni, ikitokea mlango wa jikoni. Kwao Wabukusu mkwe hamkazii macho mama wa mke wake, kwa hiyo Wakhisi alikuwa ameinama muda wote, akihesabu nyufa za sakafu. Aliijua sauti ya Mama Dorca, mama yake Apiyo, na ndara zake za bluu. Uso wake hakuwahi kuujua. Na leo, kwa ajili ya tope, alikuwa amevaa gambuti.

Koti likawa zito mikononi. Alitaka kumwinua, lakini kwa desturi mkono wake haukuruhusiwa kumgusa. Mkono uleule uliomwangusha. Ni Rosa, muuza nyanya, aliyemwinua.

"Kumbe mnajuana?" Oketch akauliza.

"Ni mkwe wangu," Mama Dorca akasema chini ya leso.

"Yaye!" Rosa akapiga makofi. "Mkwe ndiye amekutupa kwenye tope, mbele ya dunia nzima?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa namtafutia Mzee wangu koti la kuwapokea wageni wa Jumamosi," Mama Dorca akasema. "Lakini yaishe hapa. Mzee akisikia, hakuna Jumamosi. Nitamwambia niliteleza."

Wakhisi akaona mlango umefunguliwa. Angeweza kupita na kushukuru. Lakini goti la Mama Dorca lilikuwa linatoka damu, na Apiyo ndiye angelisafisha jioni, akimpa pole bila kujua ukweli. Moyoni akasema, "Bwana, koti umenipa. Sasa nipe mdomo mwingine."

Akamlipa Oketch, akalikunja koti, akampa Rosa amkabidhi Mama Dorca. Kisha, macho yakiwa kwenye zile gambuti, akapaza sauti ili hata wauza viatu wa upande wa pili wasikie:

"Mama, usidanganye kwa ajili yangu. Mbele za Mungu, na mbele yako Oketch, na Rosa, na ninyi wote mliocheka nami: Jumamosi nitasimama mbele ya Mzee, kabla sijaonja hata maji, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nilimtukana mama yake Apiyo na kumwangusha. Akinifukuza, nitaondoka. Lakini nitasema."