Kadi ya Mganga Mkuu

Kwa miaka kumi na moja mganga mkuu wa kituo chetu aliniita Kichwa Maji mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo mkufunzi aliponipanga naye kwenye zoezi, nilijiambia: leo ni leo. Tulikuwa tunafundishwa kutambua ugonjwa wa kusahau. Mmoja anauliza maswali, mwenzake anaigiza mzee aliyeletwa kupimwa. Anayeigiza anachota kadi bila kumwonyesha mtu, hata mkufunzi; hiyo ndiyo inayomwambia kama ni mgonjwa au mzima.

Nilimtajia maneno matatu: kiti, ndizi, ufunguo. Nikampa karatasi achore uso wa saa. Namba zote akazirundika upande mmoja, kama mbuzi waliokimbia mvua.

"Sasa nikumbushe yale maneno matatu, mkuu."

"Maneno gani, dada?"

Darasa likaangua kicheko.

"Na hapa ni wapi?"

Akatazama mlango. "Mama anakuja kunichukua."

Watu wakashika mbavu. Mkufunzi akapiga makofi: "Mmeona? Huyu ndiye anajua kuigiza!" Mkuu naye akacheka, huku akitukagua nyuso mmoja mmoja, kama anayetafuta tunachochekea.

Kadi yake ilikuwa imeanguka chini ya kiti. Nikaiokota, nikaisoma: "Wewe ni mzima. Jibu maswali yote sawasawa."

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Rudia, mkuu," nikamwambia. "Wa nyuma hawakusikia."