Mhola Kwenye Mpini

Asubuhi hii nilikuwa nakata maua kwenye kigoda cha kukamulia. Maua ya mhola, haya meupe tunayokaanga na kula, hayakatwi yakiwa na umande. Unasubiri jua liyakaushe, unakata, unayakung'uta wadudu watoke, na huyaoshi, maana ukiyaosha lile vumbi la njano linaondoka, na harufu inaondoka nalo. Lakini kigoda kiko ndani ya zizi, na ndani hakuna umande. Kwa hiyo mwaka huu tunaanza asubuhi na mapema.

Kigoda kilikuwa cha Shangazi Burgi, dada yake Baba. Alikufa wakati wa theluji, kwenye kile chumba kidogo kilichopakana na zizi. Huku kwetu Tiroli, kwenye milima ya Austria, shamba haligawanywi. Mtoto mmoja anachukua nyumba, ng'ombe, msitu na malisho, wengine wanaondoka, na asiyeondoka anabaki anafanya kazi. Shangazi alibaki. Alikamua, alikusanya nyasi, alipika, alitulea mimi na kaka yangu Korbinian. Hakulipwa, kwa sababu alikuwa wa nyumbani.

Mtu akizikwa kwetu, kaburini unachomekwa msalaba wa mti wa mhola. Ukichipua, marehemu amepumzika. Wa Shangazi tuliuchomeka vizuri tu. Theluji ikayeyuka, mlima mzima ukawa kijani, msalaba ukabaki mkavu. Kilichochipua ni ufagio wake.

Mama aliogopa kwamba ni atiki, yule ndugu yake mhola mwenye sumu. Watu wanawachanganya. Atiki ni mmea tu, shina lake linasimama wima na kufa kila mwaka, linanuka, na matunda yake yanatazama juu. Mhola ni mti. Gome lake lina vipele vipele, ukivunja kijiti ndani kuna kitu cheupe laini kama nyama ya mkate, na matunda yake yakiiva yananing'inia chini kwa uzito. Shangazi alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. Mama akavunja kijiti cha ufagio, akatazama ndani, akanusa.

"Mhola," akasema. "Vroni, lete bakuli."

Baada ya ufagio vikafuata uma wa nyasi, reki, mwiko, kigoda, na mpini wa ndoo ya maziwa. Vilichipua vitu alivyofanyia kazi tu. Kitanda chake hakikuchipua. Nadhani hakukitumia sana.

Chumbani kwake sasa analala mgeni, mama mmoja kutoka Hamburg aliyekuja kupumzika. Baba alipaka rangi na kuweka pazia. Leo mgeni alipokuja kula, Mama alikuwa anashika vishada vya maua kwa kikonyo, anavichovya kwenye rojo la unga, mayai na maziwa, anavitumbukiza kwenye mafuta ya moto, halafu anavinyunyizia sukari.

"Mnayatoa wapi maua mazuri hivi?" mgeni akauliza.

"Kwenye ufagio," Mama akasema.

"Ah," akasema mgeni, akaongeza kingine.

Baba akaingia kuchukua kahawa. Alipopita karibu na ufagio akavua kofia, akavaa. Alipopita mwiko akavua tena. Ndiyo desturi, mhola unavuliwa kofia. Babu alivua, baba yake Babu alivua. Zamani Baba alikuwa akivua mara moja tu, nyuma ya zizi unakoota mti wetu wa siku zote. Sasa anavua kutwa.

"Baba Korbinian, mkono utakuuma," Mama akamwambia.

"Heshima ni heshima."

"Burgi mwenyewe hukuwahi kumvulia."

"Burgi si dada yangu? Nani anamvulia dada yake kofia?"

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yetu Kreszenz na kikapu chake kitupu. Yeye hangoji kukaribishwa.

"Wenzenu tunapanda mlima kutafuta maua, nyie mnavuna kwenye mwiko," akasema. "Hongereni. Na jina la Burgi mtaliandika lini pale kaburini? Nimepita juzi. Msalaba mkavu kama kuni, na kwenye jiwe la kaburi la ukoo jina lake halipo."

"Jiwe limejaa," Baba akasema.

"Vinzenz, nina macho. Chini pale panatosha majina ya ukoo mzima," akamwambia Baba.

"Hapo ni pangu na mke wangu. Halafu Korbinian na mke wake. Jiwe ni la wenye nyumba."

"Na huyu?" Kreszenz akaninyooshea kidevu.

Nilikuwa natazama bakuli. Watu wakinizungumzia huwa natazama kitu kingine. Wanasema nimefanana na Shangazi kwa ukimya.

"Vroni anabaki," Baba akasema. "Mwaka huu anamaliza shule, atashika kazi za Burgi."

"Amepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Innsbruck," Mama akasema, bila kugeuka kutoka jikoni.

"Na ng'ombe nani atawakamua? Shamba linakuwa la Korbinian. Korbinian akisema aende, ataenda. Mimi simsemei mtu kwenye mali yake."

Kreszenz akacheka kupitia puani. Mama akamjazia kikapu, naye akaenda zake.

Mchana nilikuwa kondeni nakusanya nyasi. Reki ya Shangazi haifai tena, matawi yake yanakwama kila mahali, kwa hiyo Baba aliniletea mpya kutoka dukani. Bado ina karatasi ya bei. Shangazi hakuwahi kuigusa. Nilikuwa nimefika nusu ya konde nikahisi kitu kinanisukuma kiganja. Nikafungua mkono. Lilikuwa chipukizi. Nikaendelea kukusanya, na nilipofika mwisho wa mstari lilikuwa jani zima, limegawanyika vijani vitano, na mpini umeanza kutoa vipele. Nikavunja kijiti. Ndani cheupe, laini. Nikanusa. Haikuwa atiki.

Baba akapita na trekta. Akapunguza mwendo, akatazama reki. Akavua kofia, akavaa, akaendelea kuteremka.

Nikakaa chini ya ukuta wa mawe, nikapiga picha, nikamtumia Korbinian. Nikaandika:

"Kaka, reki yangu imechipua. Ni mpya, ya dukani. Baba anasema ukisema niende Innsbruck nitaenda. Naomba umwambie. Na kama hutamwambia, ukishachukua shamba mimi nitaandikwa wapi?"

Alama zikageuka buluu. Pale juu ikaonekana anaandika. Halafu ikaonekana haandiki.

Nikasubiri. Kwenye mpini vishada vilikuwa vimeshafunguka, vyeupe, na umande haukuwepo. Simu nikaiweka kwenye nyasi, uso juu, nikakata maua yaliyokuwa tayari. Sikuyakata yote. Ukikata yote hupati matunda, na Septemba Mama atataka jamu.