Protini Iliyofuata Saa za Mama Vichupa

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi wa maabara aliyeitwa Mama Vichupa alivaa koti jeupe, akanawa mikono hadi viwikoni, akatoa chupa ya bakteria kwenye mashine ya kutikisia. Bakteria hao walikuwa wamepandikizwa jeni ya saa ya mwili, ile inayoiambia seli kwamba kumekucha, na kazi yao ilikuwa kutengeneza protini yake. Kazi ya Mama Vichupa ilikuwa kuwapasua, kuichuja protini mpaka ibaki peke yake, safi kama chozi, na kuijaza kwenye vichupa visivyofika hata urefu wa kidole. Haikuwa dawa. Ilinunuliwa na watafiti wa mbali waliotaka kujua mwili unajuaje wakati.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemfikia.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya mteja. Protini ni nzuri mno, aliandika, ila kila siku inasimamisha kazi kwa robo saa, na Jumapili inachelewa kuamka. Wiki hiyo zikaja barua nyingine sita, zote za namna hiyo. Mkuu wa maabara akazigeuza saa za wateja kuwa za hapa. Zote zikaangukia saa nne kamili. Akakagua friji, maji na umeme. Mtunza stoo, aliyekuwa amefuata saini, akazisoma barua juu ya bega lake.

"Hiyo si saa ya chai ya Mama Vichupa?" akasema. "Na Jumapili si ndiyo siku yake ya kulala?"

"Kumbe," Mkuu akasema, akazitia barua kwenye faili.

Mkemia mwenye shahada mbili akapewa kazi ya Mama Vichupa ajaribu. Protini yake haikujua usiku wala mchana, ikawa kama mbuzi aliyekata kamba, na vichupa vyote vikarudishwa. Basi karatasi ya maelekezo ikaongezwa mstari: *Protini hupumzika saa nne. Ni jambo la kawaida.* Wateja wakapanga majaribio yao kuizunguka chai yake. Alipougua mafua siku mbili, maabara thelathini ziliandika kuuliza protini inaendeleaje.

"Hata kuzaliwa ulizaliwa siku ile ile waliyosema," mama yake alimwambia nyumbani aliposikia habari hizo, na hakuna jirani ambaye hakusikia.

Mwaka huo Mkuu akapata tuzo kwa ajili ya protini hiyo. Sherehe ilifanyika mchana, ukumbini, na jukwaani iliwekwa sahani ya seli zenye protini hiyo, zinazong'aa kila inapokuwa macho. Mama Vichupa alikaa mstari wa nyuma kabisa na binti yake. Mkuu akawashukuru wafadhili, mashine, hata fundi umeme. Hotuba ikawa ndefu. Mama Vichupa akasinzia, na sahani ikazimika.

Mhudumu akaja akinyata. "Mama, samahani. Jukwaani kumezimika."

"Mwache," binti akasema. "Ameamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandalia hivyo vichupa."

Wakamwacha. Watu mia mbili wakakaa kimya dakika kumi na moja. Profesa mmoja aliyebanwa na kikohozi akatoka kwenda kukoholea nje. Binti alikaa mgongo umenyooka, mkoba wa mama yake mapajani, akiwatazama wasomi wote wale wanavyomchungia mama yake usingizi.

Mama Vichupa akafumbua macho, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani. Sahani ikang'aa hadi meno ya waliokaa mbele yakaonekana. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mkuu akainama, akapokea tuzo.

"Wanampigia nani?" Mama Vichupa aliuliza.

"Wewe, Mama. Ila hawajui."

"Mimi najua," akasema, na akasimama kupiga makofi yeye pia, kwa nguvu.

Jumatatu karani akampelekea mkataba wake wa miezi mitatu, wa sabini na sita. Penye cheo paliandikwa *kibarua*. Mama Vichupa akaomba kalamu isiyovuja, akasaini kwa mwandiko mkubwa, wino ukapita juu ya neno hilo na kulifunika.

"Mama, hapa hapasomeki," karani akasema, akachapa nakala nyingine.

Akaisaini nayo, kubwa vile vile, akarudi kwa bakteria wake.