Meza Kuu ya Bi Radhiya

Krismasi hiyo niliapa kwamba Bi Radhiya atakula kwangu mpaka ashibe, na mimi nikiapa huwa sina mchezo.

Nina miaka sita Lamu, nashona nguo za watu, na kila Idi nimekula kwake, mtaa wa Mkomani. Mwaka wa kwanza sikuwa namjua mtu. Nilimpelekea buibui lake, akanishika mkono, akaniingiza ndani na kuniketisha mkekani kati ya binti zake, tukala sinia moja. Hakuniuliza mimi ni wa dini gani mpaka nilipomaliza kunawa.

Lakini kwangu alikuwa hajaonja hata chai. Kosa ni langu, sikuwahi kumwalika, nikiogopa atakataa. Mwaka huu kanisa letu, ambalo hata tukijaa hatufiki arobaini, likaamua kula chakula cha Krismasi uani kwangu baada ya ibada. Mchungaji akasema kila mtu aje na jirani yake. Nikapiga moyo konde, nikaenda Mkomani.

"Takuya, mwanangu, inshallah," Bi Radhiya akakubali.

Basi nikajipanga. Mbuzi alichinjwa na Ridhwani, mpwa wake, kwa kisu chake mwenyewe. Sufuria zilikuwa mpya, karatasi zake nilizibandua siku hiyo hiyo. Kisha nikafanya kile ambacho kwetu Nyeri hufanyiwa mgeni wa maana: nikamtengea meza kuu. Kitambaa cheupe, maua ya plastiki, kiti chenye mito, maji ya chupa, na sahani yangu nzuri kuliko zote. Sisi wengine tungejibana mkekani.

Alikuja baada ya adhuhuri. Watu wakampigia makofi, nikampeleka kitini, nikampakulia pilau na maini juu yake. Nasema kweli, nilijivuna.

Bi Radhiya akashika kijiko, akageuza wali, akakiweka chini. Nilizunguka na soda, nikarudi, sahani ilikuwa vile vile. Hasira zikanipanda. Anashuku vyombo vyangu! Miaka sita nala vyake bila kuuliza swali, leo mbuzi wa mpwa wake anamshinda kumeza? Nikamwendea, nikainama.

"Bi Radhiya, Ridhwani mwenyewe ndiye aliyechinja. Na sufuria ni mpya."

"Najua, mwanangu. Amenambia."

"Mbona basi huli?"

Akawatazama wanawake wa kanisa pale mkekani karibu na jiko, wakicheka na kuchokozana. Aliponijibu, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ndaa nnayo, tangu asubuhi sijala. Lakini sijui kula pweke yangu, watu wanitazama. Kwetu mtu akitengwa na sinia, ni mgonjwa au amekosa. Nimekukosa nini, Nyaguthii?"

Masikio yaliniwaka moto. Nampenda mama huyu, na kwa heshima zangu nyingi nilikuwa nimemweka mahali ambapo hata bega la mtu lisingemgusa. Nilitaka kulia, ila mimi nikitaka kulia huwa nafoka.

"Sogeeni!" nikawaambia wenzangu mkekani. "Sogeeni, nimesema!"

Nilipanguza sinia ninalobebea vikombe vya chai, nikajaza pilau na nyama, nikalitua katikati yao na kuketi. Bi Radhiya alivua viatu, akapenya kati yangu na mke wa mchungaji, magoti yakigusana. Akanawa, akasema bismillahi, akala. Akala tena. Kisha akaniambia, mbele ya kanisa zima, kwamba chumvi nimeionea choyo na wali huu ulitaka dakika tano zaidi. Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile.

Tukiwa bado tunakula, mwanamke mmoja akasimama mlangoni mwa ua. Alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Lamu juzi tu, akaja ibadani asubuhi na kukaa kiti cha nyuma. Mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, anatafuta uso anaoujua na hauoni. Mimi, mwenye nyumba, nilikuwa na tonge mdomoni.

Bi Radhiya akajisogeza, akapigapiga mkeka kwa kiganja.

"Ndoo, mwanangu," akamwita. "Ndoo ukae. Hapa ni kwetu."