Kipande cha Mkia

Fundi cherehani alikuwa binti kitindamimba, na ndiye aliyebaki na baba. Kaka zake walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake, wakileta salamu kwa simu. Yeye alikuwa na cherehani sebuleni, vitambaa vya wateja vimerundikana kwenye kochi, na mzee ambaye akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo.

Mzee huyo alikuwa amekaanga samaki sokoni tangu ujanani. Walimwita Babu Moto, kwa jinsi alivyokuwa akiugusa ukingo wa karai kwa vidole kana kwamba mafuta yanamwogopa. Sasa kila jua lilipoanza kushuka alivaa aproni yake kuukuu, akaanza kugombana na mlango.

"Fungua! Wateja watanisubiri mpaka lini?"

"Baba, kazi uliacha zamani."

"Nani kakwambia?"

Kila siku wimbo ule ule. Lakini jioni hiyo fundi alimkuta amevutana na kufuli mpaka vidole vinatoka damu. Roho ilimuuma. Mzazi wake, kumfungia ndani kama mwizi! Akaliacha gauni la watu likiwa na mkono mmoja tu, akachukua kikapu.

"Haya baba, twende. Hata nyanya zimeniishia."

Soko la jioni lilikuwa limechangamka. Taa zilining'inia juu ya mafungu ya mboga, moshi wa mahindi ya kuchoma ukawapalia wapita njia, na wauzaji wakashindana kupaza sauti. Nyumbani mzee alikuwa akiburuta miguu. Hapa alipenya katikati ya watu bila kugusa tenga la mtu. Fundi alimfuata mbiombio, nyanya hata hajanunua.

Muuza vitunguu, jirani wa mzee tangu enzi zile, alipomwona aliinuka kutoka juu ya gunia.

"Babu Moto! Bado upo wewe?"

"Ulitaka nife nikuachie nafasi?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha mzee akauliza, "Na mumeo, ule mguu wake umepona?"

Mama wa watu akaacha kucheka. Mumewe alikuwa ameshazikwa, na mzee mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alimtazama fundi, fundi akainamisha kichwa.

"Umepona," muuza vitunguu alisema polepole. "Anatembea vizuri."

Mzee aliridhika, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nafasi yake ya zamani. Pale alimkuta mwanamke kijana na karai lake, samaki wakikaangika katika mafuta.

"Wewe binti, nani kakuweka hapa?"

Mkaangaji alikunja uso, tayari kumjibu. Muuza vitunguu akawahi, akamnong'oneza sikioni. Yule mwanamke alimtazama mzee, akaitazama na ile aproni, uso ukamlegea.

"Nilikuwa nakushikia tu, babu," alisema, akampa kijiko cha matundu. "Karibu kazini."

Mzee akashika kazi. Mkaangaji alisimama ubavuni pake, mkono karibu na kiwiko chake asije akaungua, lakini mikono ile haikuwa imesahau kitu. Aligeuza, akatoa, akakung'uta mafuta, akawatania wateja. Fundi alisimama upande wa pili akimtazama. Ni miezi mingapi hakuwa amemwona baba yake? Wa nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Akasogea, moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

"Na mimi nipe, baba. Kile kipande cha mkia."

Mzee aliinua macho. Alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mteja yeyote.

"Chagua kingine, mama. Hicho si cha kuuza."

"Cha nani?"

"Cha binti yangu." Akapima kwa kiganja, usawa wa goti. "Kadogo hivi. Nikirudi bila mkia, hakanisemeshi."

Ilikuwa kweli. Utotoni fundi alikuwa akimnunia baba yake kwa ajili ya mkia wa samaki. Fundi alitaka kusema *ni mimi*.

"Ana bahati huyo mtoto," akasema.

"Bahati ni yangu," mzee alijibu, akakifunga kile kipande kwenye karatasi, akakitia mfukoni mwa aproni.

Alipochoka walirudi taratibu, mzee ameshika mkono wa fundi bila kuuliza ni wa nani. Walipoingia ndani aliangaza macho kotekote.

"Kako wapi?"

"Kamelala chumbani."

"Basi mpelekee. Samaki akipoa si mtamu."

Fundi aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akala kile kipande chote, machozi yakimdondokea kwenye karatasi. Alijifuta uso kwa kanga, akatoka.

"Kamekula?"

"Kamemaliza. Kanasema ahsante, baba."

Mzee alitabasamu, akajinyoosha kwenye kochi juu ya vitambaa vya watu. Fundi alimvua viatu. Mzee akampigapiga begani.

"Umenisaidia sana leo, mama. Sasa nenda kwenu. Wazazi wako watakuwa na wasiwasi."

"Naam," alisema fundi. "Usiku mwema."

Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akasimama barazani kama mgeni aliyekwisha kuaga. Alisubiri pale mpaka aliposikia mzee anakoroma, ndipo akaingia tena kwao.