Mfuniko wa Dumu la Mzee Sindano

Habari hii nilipewa na mke wa mwana wa Mzee Sindano, wiki iliyopita, tukikunja nguo zilizotoka kuanikwa. Nilimuuliza kama naweza kuisimulia kwa wengine, akacheka, akasema, "Simulia tu, bibi. Mzee mwenyewe keshamwambia mpaka muuza maziwa."

Basi, huyo Mzee Sindano ni fundi cherehani. Ameshona suti tangu ujana wake, na alipofunga duka na kuhamia kwa mwanawe, cherehani ilikuja naye, na pasi yake ya mvuke ikaja naye pia. Alipewa chumba cha nyuma, chenye kitanda kipana kilichosukumwa hadi ukutani. Juu ya kitanda hicho mwanawe alimfungia kiyoyozi, kwa maana joto la huko si la mchezo.

Msimu huo wa joto mzee aliamka alfajiri moja akakuta godoro limelowa chapachapa, upande ule wa ukutani anakopenda kulala. Nguo yake ya kulalia ilimganda ubavuni. Akakaa kitako, akashika shuka.

"Ndiyo yameanza," akasema moyoni.

Marehemu baba yake alianza hivyo hivyo. Alianza na godoro, halafu akasahau majina ya watoto, na mwishowe akawa analishwa kwa kijiko. Mzee Sindano hakuogopa kufa, lakini kile kijiko alikiogopa.

Hakumwambia mtu. Alivua shuka akaifua mwenyewe kwenye beseni. Mwanawe alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo aliyemkuta anaianika ni mkamwana wake.

"Nimemwaga maji ya kunywa, mwanangu," akamwambia. "Mkono huu siku hizi!"

"Pole, baba. Hutokea."

Kesho yake akamwaga tena. Na keshokutwa. Mwisho hata yeye akaionea huruma ile bilauri inayosingiziwa kila siku.

Mkamwana aliyaona yote, ila yapo mambo ambayo mke wa mwana hayatamki mbele ya baba mkwe, hata umbane kwa koleo. Alichofanya ni kimoja tu. Siku moja mzee aliinua shuka akakuta chini yake pametandikwa nailoni mpya, pembe zimekunjwa vizuri, na neno halikusemwa. Alikaa akiishika ile nailoni kwa ncha za vidole, kama anavyoshika mteja kitambaa asichokitaka. Kumbe anajua! Tangu siku hiyo, jua likianza kupinda, mzee hagusi chai wala maji. Midomo ikamkauka, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Na bado godoro lililowa.

Katika hali hiyo ndipo kaka yake alipopiga simu.

Huyu kaka ni dereva wa malori mstaafu, na watu humwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. "Nakuja kukaa nawe, bwana mdogo," akasema. "Tutalala kitanda kimoja kama zamani."

"Kaka, chumba changu kina kunguni."

"Nitawapigia hadithi mpaka wahame wenyewe."

Mzee akaweka simu chini, roho juu. Breki akilijua jambo, ukoo mzima umelijua kabla shuka haijakauka. Watamcheka kwanza, kisha watamhurumia, na baadaye watakaa kikao kuamua nani amtunze. Alijiona tayari ameketi katikati ya kikao hicho, akiambiwa afungue kinywa.

Breki alifika mchana, jasho linamtiririka, akala, akajipangusa mdomo. "Niwashie hiyo baridi, nijinyooshe kidogo." Sindano akawasha kiyoyozi, naye Breki akajitupa upande wa ukutani. Sindano alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Godoro alikuwa amelianika asubuhi, na alijiambia kuwa jambo lenyewe ni la usiku, mchana halina neno. Akaenda kibarazani kukaza vifungo vya shati.

Uzi ulipomwishia, akarudi chumbani kuchukua mwingine. Akasukuma mlango.

Breki alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma, na nyuma ya mikono kulikuwa na shuka iliyoviringwa kama mtoto wa kuibwa.

"Unafanya nini, kaka?"

"Mimi? Natandika."

"Wewe! Tangu lini unatandika?"

"Watu hubadilika, bwana. Kwani lazima uingie bila kubisha hodi?"

"Chumba changu hiki. Na hiyo suruali?"

Breki akajitazama. "Nimemwaga maji ya kunywa."

Sindano akatazama chumba kizima. Bilauri haikuwepo, wala kikombe. Uongo ule aliutambua kama anavyoutambua mshono wake mwenyewe. Angeweza kucheka, tangu utotoni alikuwa akiisubiri siku ya kumcheka Breki. Lakini uso wa kaka yake ulikuwa umeshuka, na kile kinywa kisichonyamaza kilikuwa kinatetemeka.

Akafunga mlango taratibu. "Kaka, hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi humwaga maji. Kila usiku. Mahali hapo hapo."

Breki akamkazia macho. "Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Basi ni ugonjwa wa ukoo huu," Breki akanong'ona, akakaa kwenye kiti. Kisha akainuka ghafla. "Mkwe wako asituone. Tuligeuze godoro haraka! Shika huko."

Wazee wawili wakashika godoro, mmoja kichwani mwingine miguuni, wakivutana na kupigana vikumbo. "Kwako!" "Kwangu wapi, inua!" Godoro likakwama kati ya kitanda na ukuta. Ikabidi wakivute kitanda chenyewe. Kikalia kwii, kikasogea, na wote wawili wakabaki wameinama.

Ukutani kulikuwa na mchirizi wa maji. Ulianzia nyuma ya kiyoyozi, ukashuka juu ya rangi ya mafuta uking'aa kama mkia wa konokono, ukaingia moja kwa moja godoroni.

Breki akaufuata kwa kidole mpaka juu. Halafu Breki akasema, "Sindano, nani aliyekojoa kule juu? Mimi sijafika huko hata enzi za ujana wangu."

Sindano alianza kwa kukohoa. Kikohozi kikageuka kicheko, kicheko kikamkalisha sakafuni, na machozi yakamtoka. Breki naye akaegemea kabati akijishika mbavu.

"Baba, mko salama?" Mkamwana alikuwa nje ya mlango.

"Ingia, mwanangu! Ingia uone!" Mzee aliyekuwa akificha shuka wiki nzima sasa alimshika mkono, akampeleka mpaka ukutani. "Gusa. Gusa hapo!"

Mkamwana akagusa. Akatazama kiyoyozi, akamtazama mzee, akaziba mdomo kwa kiganja. "Baba, nisamehe. Ile nailoni..."

"Hebu nyamaza. Pembe ulizikunja vizuri sana."

Fundi wa viyoyozi aliitwa akafika jioni ile ile, na mkoba wake na ngazi. Akafungua uso wa kiyoyozi, akamulika kurunzi. "Sinia la ndani limefurika. Kiyoyozi kikipoza hewa, hewa hutoa jasho, na jasho hilo hutakiwa kutoka nje kwa mpira. Huenda kuna uchafu hapa mwanzoni." Akasafisha hapo, akamimina kikombe cha maji. Maji yakakaa tuli, yanamtazama. "Mh. Si hapa. Mpira wenu unatokea wapi?"

Wakazunguka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Fundi akachuchumaa.

"Nani kashona kitu hiki?"

Mzee Sindano alihisi masikio yanapata moto. Chini ya dirisha palikuwa na dumu lake. Maji ya bombani kwao yana chumvi, huacha madoa meupe kwenye suti nyeusi, naye aligundua kuwa maji ya kiyoyozi ni safi mno kwa pasi ya mvuke. Akatega dumu. Lakini tone-tone ile ya usiku ilimkera, kwa hiyo aliunga kipande cha mpira, akakisukuma mpaka chini ya dumu. Na kwa kuwa hakupenda mbu watage humo, alishona mfuniko wa turubai wenye lastiki, wenye tundu la kupitisha mpira, mshono mara mbili, kingo zimekunjwa ndani. Aliifanya kazi hiyo kwa raha zake mwanzoni mwa joto, siku chache kabla ya godoro kuanza kulowa, na hakuna aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

"Mimi," akasema.

"Mzee wangu, huu mshono ni hatari! Hata pumzi haipiti. Sasa maji yataingiaje, na hewa ya dumu haina pa kutokea? Na mdomo wa mpira umezama. Ona." Akauchomoa. Ukatoka na uteute mweusi uliokaa humo kama kizibo. "Maji yamekosa njia, yakarudi kwako kulala."

"Kwa hiyo siku zote hizi," Breki akadakia, "kosa la ndugu yangu ni kushona vizuri kupita kiasi?"

"Leo ndiyo, mzee."

Fundi akakata kile kipande kilichoungwa, akaunganisha pampu yake, akavuta. Mpira ukakoroma, ukatema uteute, kisha ukaachia maji kwa mkupuo yakamlowesha Breki viatu. "Sasa hayo nimemwaga mimi?" akauliza. Fundi akaubana mpira ukutani uwe na mteremko bila pindo, na mdomo wake akauacha uning'inie juu ya dumu bila kuzama. Ule mfuniko Mzee Sindano aliukata katikati mwenyewe kwa mkasi wake, bila kinyongo, akaweka wavu wa dirisha kuzuia mbu. Kikombe kingine kikamiminwa ndani, na nje maji yakatiririka.

Usiku ule godoro lilikuwa limegeuzwa upande mkavu, na nailoni ilikuwa imeshapelekwa kufunika cherehani. Mkamwana alileta shuka safi, akasimama mlangoni. "Baba, nikuletee chochote?"

"Niletee maji ya kunywa. Jagi zima."

Akanywa bilauri ya kwanza pale pale mbele yake, akamalizia na ya pili, akashusha pumzi. Mkamwana akaondoka akitabasamu, na baada ya muda taa ya chumbani kwake ikazimika.

"Ukiamka usiku kwa ajili ya maji hayo, usinikanyage," Breki akaguna, na kabla hajajibiwa alikuwa anakoroma.

Mzee Sindano akajilaza upande wake wa ukutani. Akapitisha kiganja ukutani, taratibu, toka juu mpaka chini. Kukavu. Nje ya dirisha tone likaanguka ndani ya dumu, kisha jingine, ile sauti iliyomkera siku zote. Akaisikiliza ikidondoka, mpaka akapitiwa na usingizi.