Murram ya Hatua Arobaini

Hakuna mwanamke kule juu ya Boito aliyechuma chai haraka kama Janeffer. Hivyo ndivyo Janeffer mwenyewe alivyosema kila asubuhi akijifunga karatasi ya nailoni kiunoni, na hakuna aliyembishia, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa limekufa na wenzake walikuwa wameshafika mwisho wa mistari, hawasikii.

Siku hiyo lakini alichuma kilo ishirini na nane, majani mawili na kichipukizi, bila kijiti wala jani kuukuu. Saa sita mchana zilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia majani. Saa kumi bado zilikuwa kituoni.

Chai si mahindi. Mahindi hukungoja. Majani ya chai ukishayachuma yanaanza kufa mkononi, na ukiyarundika yanapata joto yenyewe kama yana malaria. Kwa hivyo wanawake walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya kituo, wanayageuza, wanayapepea, wanayageuza tena. Lori la kiwanda lilikuwa limezama kwenye matope ng'ambo ya mto tangu asubuhi. Juzi pia lilizama. Majani ya juzi yalimwagwa bondeni, na hata ng'ombe hawakuyataka.

"Weka mkono hapa, kogo," alisema Wilkista, jirani yake, akimwita bibi kwa lugha ya kwao; ulimi wake haukuwa na breki. "Hapa unaweza kupika chapati."

Janeffer aliweka mkono. Kweli. "Wewe geuza tu. Mungu yupo."

"Yupo, lakini hana lori."

Ndipo afisa wa barabara alipofika, kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Aliitwa Onsongo. Gari lake lilikuwa limekwama nyuma ya lori. Alisimama juu ya mizani, maana ndipo palikuwa pakavu.

"Wazazi wangu, nisikieni. Kwa faili, barabara hii ilimwagwa changarawe ya murram kilomita tatu, mwezi wa tano. Iko kamili."

"Basi ambia lori lipite kwa faili," Wilkista akasema.

Watu walicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika. Kiplimo, karani wa majani, hakucheka.

"Kiwanda kimesema wiki hii ikiisha na lori bado linakwama, hiki kituo kinafungwa," alisema. "Tutabeba kwa mgongo mpaka kwa lami. Kilomita tisa."

Janeffer alilitazama goti lake. Kilomita tisa. Lilikuwa likilalamika hata kwenda chooni.

"Ndiyo maana nimekuja," Onsongo alisema. "Lakini siwezi kuomba murram ya pili kama ya kwanza ilipokelewa. Kuna sahihi kwa faili, ya mwakilishi wa wakulima."

Macho yote yakamgeukia Janeffer. Walimchagua wao wenyewe, kwa sababu hanywi pombe na kanisani anakaa mbele.

Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Tipa mbili zilimwaga murram mbele ya kanisa, hatua arobaini, basi. Kijana wa kontrakta akamwambia, weka sahihi, kogo, ama zile zingine zinaenda kwa watu wenye wanaelewa. Alikataa. Kijana akatazama magunia yaliyokuwa miguuni pake, akauliza kwa upole, "Na haya majani, tukupelekee kiwandani?" Aliweka sahihi, akapanda mbele, kando ya dereva, kama bibi harusi. Majani yalifika yakiwa na umande. Miaka thelathini ya kulima chai, na hiyo ndiyo siku moja aliyoyaona yakifika hivyo.

"Mimi?" alisema sasa, mikono imezama kwenye majani. "Mwezi wa tano nilikuwa Sotik, kwa dada yangu, anaumwa. Mwezi mzima. Hiyo sahihi wameiga."

Kituo kizima kikapumua. Hata Onsongo alitabasamu.

"Hiyo inatusaidia sana, mama. Kama ni ya kughushi, naandika leo, faili inafunguliwa upya. Wacha tu niangalie picha. Makontrakta huwa wanaweka picha."

Alitoa simu, akasukuma kidole, akasukuma tena, kidole kikasimama. Wilkista alichungulia. Akaichukua simu mkononi mwa afisa bila kuomba, na kwa kidole cheusi kwa utomvu wa chai akaikuza picha, akaigeuza wote waone.

Janeffer alikuwa amesimama juu ya murram nyekundu, laini kama unga, karatasi ya sahihi imeinuliwa kifuani, meno yote nje. Nyuma yake tipa. Juu ya tipa magunia mawili, na kila gunia limeandikwa jina lake kwa rangi ya buluu.

"Kogo?" Wilkista alisema. Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Huyo ni dada yangu," Janeffer akasema. "Tunafanana."

Wanawake walikuwa wameacha kugeuza, na majani chini ya mikono yao yalikuwa yanaanza kuwa mekundu kwa joto.